Usiung'oe Mwasumini Wako Mwezi wa Machi

Kwa wakaaji wa Pwani miezi ya Februari na Machi ni miezi ya taabu. Upepo wa kaskazi umekuwa ukivuma tangu Desemba, jua ni kali, visima vimeshuka, na mwenye mkokoteni wa maji anajua kwamba huna pengine pa kwenda. Huo ndio wakati watu wengi hutazama bustani ya maua mbele ya nyumba na kusema, "Hii imekufa." Mwasumini umepukutisha majani, mwaridi umebaki miiba, mrehani umekuwa vijiti. Basi panga huchukuliwa, mimea inang'olewa, na masika yanapofika mwezi wa Aprili mtu anaanza tena kwa miche ya kununua.

Hiyo ni hasara mara mbili. Umepoteza pesa za miche, na umepoteza mizizi ambayo ilichukua miaka kushuka chini. Maanake mara nyingi mmea ule haukuwa umekufa. Ulikuwa unajihifadhi. Ungeusaidia kidogo tu, ungetoa maua na harufu katika joto lile lile la mwisho wa kaskazi, wakati bustani nyingine zote zimekauka.

Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kuvusha maua ya kudumu katika kiangazi, kwa kutumia maji ambayo tayari umeyatumia nyumbani.

MMEA WA KUDUMU NI UPI?

Mimea ya maua ni ya namna mbili. Kuna ya msimu, ambayo huota, hutoa maua, huzaa mbegu na kufa mwaka huo huo. Na kuna ya kudumu, ambayo huishi miaka mingi na kutoa maua tena na tena. Mwasumini, mwaridi, mlangilangi na mkadi ni mimea ya kudumu. Mrehani nao unaweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja ukikata vichwa vyake vya maua kabla havijazaa mbegu.

Mmea wa kudumu una siri moja: nguvu zake ziko chini. Mwaka wa kwanza hutoa mizizi zaidi kuliko maua, na mtu asiye na subira hudhani ameuziwa mche mbaya. Kadiri miaka inavyopita mizizi inashuka zaidi, inafika penye unyevu, na mmea unastahimili jua ambalo lingeua mche mchanga. Ndiyo sababu mwasumini wa miaka sita hauwezi kulinganishwa na mche wa miezi sita. Ukiung'oa huo wa miaka sita, umeng'oa miaka sita.

Kabla hujachukua panga, fanya jaribio hili dogo. Kwaruza gome la tawi kwa ukucha. Chini ya gome pakiwa kijani, mmea uko hai. Pakiwa hudhurungi na pakavu, tawi hilo limekufa, lakini usikate tamaa bado. Shuka ukakwaruze karibu na shina. Mara nyingi utakuta matawi ya juu yamekufa na shina liko hai kabisa.

KWA NINI MAUA MENGINE HUNUKIA USIKU?

Harufu ya ua ni mafuta mepesi sana yanayoruka hewani. Ua haliyatoi kwa ajili yetu. Linaita wadudu walibebee chavua. Ua linalotegemea nyuki hufunguka mchana na huwa na rangi za kuvutia. Ua linalotegemea nondo wa usiku halina haja ya rangi, kwa maana gizani rangi haionekani vizuri. Kwa hiyo huwa jeupe, na hutoa harufu kali jua linapokuchwa.

Asumini ni ya aina hii. Kitumba kilichojaa mchana hufunguka jioni, hunukia usiku, na siku ya pili ua huanza kugeuka rangi na kuanguka. Langilangi nayo hunukia zaidi usiku na alfajiri, na ndiyo sababu wachumaji wa Komoro, nchi ambayo ni maarufu duniani kwa mafuta ya langilangi, huenda shambani asubuhi na mapema.

Hapa kuna faida ya kujua. Wakati wa kaskazi upepo hutoka kaskazini-mashariki. Ukipanda mwasumini upande huo wa baraza au wa dirisha la chumba cha kulala, upepo wa jioni utakuletea harufu ndani ya nyumba bila gharama yoyote. Ukiupanda upande wa pili, harufu yote itakwenda kwa jirani. Lakini kama nyumba iko karibu sana na bahari, uweke nyuma ya ukuta mfupi au ua wa makuti, kwa sababu upepo wenye chumvi huunguza majani.

MIMEA YA KUANZIA

Usipande mingi kwa mara moja. Hii minne inatosha bustani ndogo:

1. Mwasumini. Huu ndio mama wa bustani ya harufu. Asili yake ni Asia ya Kusini, na umeenea katika nchi zote za Bahari ya Hindi. Hupenda joto na jua la angalau nusu siku. Unaweza kuuacha uwe kichaka au kuufunga kwenye fito.

2. Mwaridi. Chagua ule wa kienyeji wenye harufu. Mawaridi mengi ya dukani yalitengenezwa yawe na shina refu na yakae siku nyingi baada ya kukatwa, na mengine hayanukii hata kidogo. Yanuse kwanza kabla ya kununua.

3. Mrehani. Hauhitaji nafasi kubwa, hata mkebe wa kimbo wenye matundu chini unatosha. Majani yake hunukia hata kama hauna maua, na hutiwa katika vikuba pamoja na asumini.

4. Mlangilangi. Huu ni mti hasa, unaweza kupita urefu wa nyumba. Usiupande karibu na ukuta au tangi la maji. Wakulima wa Komoro hukata kilele chake ukiwa na urefu wa kama mita mbili, ndipo matawi yanalala na maua yanafikika kwa mkono. Nawe fanya hivyo hivyo. Ua lake huanza likiwa la kijani lisilo na harufu kubwa. Lingoje ligeuke njano.

UDONGO WETU WA MATUMBAWE

Sehemu kubwa ya Pwani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Udongo wake una chokaa nyingi. Katika udongo wa namna hiyo mmea hushindwa kupata madini ya chuma hata kama yapo, na utaona majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Watu wengi wakiona hivyo huongeza jivu la jikoni. Hapana! Jivu linaongeza ukali ule ule wa chokaa. Jivu lawafaa ndugu zetu wa bara wenye udongo mwekundu wenye asidi, tena kiasi cha konzi moja. Huku kwetu lisitiwe kwenye maua.

Dawa ya udongo wa matumbawe ni mboji. Chimba shimo la upana wa sentimita 60 na kina kama hicho. Chini panga makumbi ya nazi ya zamani ambayo yamenyeshewa mvua, upande wenye shimo ukitazama juu, kama vibakuli. Makumbi hayo hushika maji muda mrefu. Juu yake jaza udongo mzuri uliochanganywa na majani yaliyooza na samadi iliyokaa miezi kadhaa. Samadi mbichi usiitumie, huunguza mizizi. Na hata iliyooza usiizidishe. Mmea ukipewa samadi nyingi mno hutoa majani mengi mazuri na maua machache.

MAJI: WATU KWANZA, MAUA BAADAYE

Tuseme wazi: hakuna ua linalostahili kunyweshwa maji safi kama watoto wanayahitaji. Lakini tupige hesabu. Mwasumini mkubwa ulioshika mizizi huweza kuvuka kiangazi kwa ndoo moja ya lita 10 mara mbili kwa wiki. Kuanzia mwanzo wa Januari hadi mwisho wa Machi ni kama wiki 13. Hizo ni lita 260, yaani mitungi 13 ya lita 20 kwa msimu mzima. Sasa jiulize: katika miezi hiyo mitatu, nyumba yako imemwaga mitungi mingapi ya maji uani? Maji ya kuoshea mchele, maji ya kusuuzia vyombo, maji ya kusuuzia nguo. Hakika ni zaidi ya 13.

Fuata kanuni hizi:

(a) Tumia maji ya kusuuzia, sio yale ya kwanza yenye sabuni nyingi ya unga. Maji yaliyotiwa jiki au chumvi yasifike kwenye maua kamwe.

(b) Mwagia jioni, chini kwenye shina, sio juu ya majani. Maji ya saa sita mchana huishia hewani.

(c) Mwagia mengi mara chache. Kikombe kimoja kila siku hulowesha juu tu, na mizizi hupanda juu kutafuta maji hayo. Ndoo nzima mara mbili kwa wiki huzama, na mizizi huifuata chini.

(d) Funika udongo kwa matandazo: majani makavu, nyasi, makapi ya nazi. Unene wa vidole vinne unatosha. Yasiguse shina, lisije likaoza.

(e) Kama una mche mchanga, chukua chungu kisichopakwa rangi, ziba tundu lake la chini, ukizike kando ya mche mpaka shingoni, ukijaze maji na kukifunika. Maji yatapenya polepole kwenye udongo kwa siku kadhaa. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo nayo husaidia.

Wenye visima vya maji ya chumvi wawe waangalifu. Ukiona ukingo wa majani umeungua na juu ya udongo kuna unga mweupe, chumvi imezidi. Afadhali maji ya mchele kidogo kuliko maji ya chumvi mengi.

Tena neno moja kuhusu mbu. Sahani zinazowekwa chini ya vyungu vya maua hukusanya maji, na mbu waenezao homa ya dengi hupenda hasa maji safi yaliyotulia namna hiyo. Mji wa Mombasa ulipata mlipuko wa dengi mwaka 2013. Mwaga sahani hizo, au zijaze mchanga. Chungu ulichokizika nacho kifunikwe sawasawa.

KUPOGOA

Asumini hutoka kwenye machipukizi mapya. Huu ndio ufunguo. Mtu anayeogopa kukata mwasumini wake hubaki na kamba ndefu zenye maua mawili matatu kwenye ncha. Kila baada ya maua kwisha, kata ncha za matawi kidogo, nayo yatachipua pembeni na kutoa vitumba zaidi.

Lakini kuna wakati wa kukata kidogo na wakati wa kukata sana. Katikati ya ukame ondoa matawi yaliyokufa tu. Ukikata sana wakati huo unalazimisha mmea kuchipua bila maji, na hapo ndipo unaweza kufa kweli. Ukataji mkubwa ungoje mvua za kwanza za masika. Hapo unaweza kupunguza hata theluthi moja ya kichaka. Tumia kisu au makasi makali. Panga butu hupasua tawi na kuingiza maradhi.

KUPATA MICHE BILA KUNUNUA

Yale matawi uliyoyakata mwanzoni mwa masika usiyatupe. Chagua tawi ambalo si changa mno wala si gumu kama kuni. Kata vipande vya urefu wa sentimita 15, kila kimoja chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani yote ya chini, acha mawili juu. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji ili vifundo viwili viwe chini ya udongo. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope. Baada ya wiki nne hadi sita, vuta taratibu. Kikikataa kung'oka, kina mizizi.

Kutoka kwa mwasumini mmoja unaweza kuwagawia majirani mtaa mzima. Na kama kikundi chenu cha akina mama kinatafuta mradi usiohitaji mtaji mkubwa, miche ya asumini katika mifuko ni mwanzo mzuri.

JE, MAUA YANA FAIDA GANI? HAYALIWI!

Swali hili huulizwa sana, hasa na akina baba. Tujibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni soko. Kule Mombasa, Malindi na Lamu akina mama wamekuwa wakivaa vikuba na makoja ya asumini tangu zamani, na arusi bila asumini huonekana imepungukiwa. Wanaotunga na kuuza vikuba huhitaji maua mabichi kila siku, hata kaskazi inapokuwa kali na asumini zinapokuwa chache. Yule ambaye mmea wake bado unatoa maua mwezi wa Machi ndiye anayetafutwa. Chuma vitumba vilivyojaa na kuwa vyeupe kabla havijafunguka, vifunge katika jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu, uviweke kivulini. Hata hivyo usipande miasumini 20 kabla ya kuzungumza na mnunuzi. Mmea mmoja hautoshi biashara, lakini nyumba tano zikichuma pamoja, kikapu kinajaa.

La pili wengi hawalijui. Mpapai jike hauzai mpaka upate chavua kutoka kwa mpapai dume. Nani anaibeba? Mwaka 2009 watafiti Dino Martins na Steven Johnson walichapisha utafiti wao juu ya mipapai ya wakulima hapa Kenya. Waliona kwamba kazi hiyo hufanywa hasa na nondo wakubwa wa usiku, wale wanaopiga mabawa kwa kasi na kuelea mbele ya ua kama ndege chozi. Nondo hao hawaishi kwa mipapai peke yake. Wanahitaji maua mengine ya kunyonya na vichaka vya kujificha. Mahali ambapo pori limefyekwa lote na dawa hunyunyizwa ovyo, nondo hupungua. Basi bustani yenye maua meupe ya usiku, isiyopigwa dawa, ni kituo kimoja cha wageni hao wanaokufanyia kazi ukiwa umelala.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu asumini huvaliwa shingoni na kichwani, usinyunyizie maua dawa kali za wadudu. Ukiona wadudu weupe kama pamba kwenye matawi, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, unyunyizie jioni na urudie baada ya wiki.

TAHADHARI

Si kila chenye harufu nzuri ni rafiki. Bara, watu wengi wana ua wa mti wenye maua makubwa meupe yanayoning'inia kama tarumbeta, yanayonukia sana jioni. Mmea huo wote una sumu, kuanzia mbegu hadi maua. Usiupande mahali watoto wanapochezea, wala usichemshe majani yake kuwa dawa.

KWA WASOMAJI WA BARA

Nyinyi wa Machakos, Nyeri au Kitale msidhani makala haya si yenu. Asumini ya Pwani huchukia baridi, lakini Kenya ina afu, yaani asumini za mwituni, ambazo hutambaa vichakani na kutoa maua meupe yenye harufu. Mtanda-mboo, ambao Wakikuyu huuita mukawa, ni mmea mwingine wa kudumu: maua yake yananukia, miiba yake ni boma zuri, na matunda yake hupendwa na watoto. Zaidi ya hayo mizizi yake imezoea kiangazi cha kwenu. Kanuni ni zile zile: matandazo, maji mengi mara chache, na kukata sana mvua zinapoanza.

UFANYE NINI WIKI HII?

Kama unasoma haya wakati wa kiangazi, toka nje ukakwaruze gome. Ukikuta kijani, weka ndoo moja kando ya mahali pa kuoshea vyombo, na mwambie kila mtu nyumbani kwamba maji ya kusuuzia hayamwagwi tena uani. Tandaza majani makavu kwenye shina leo jioni. Usikate kitu ila kilichokufa. Ikiwa ni mmea wenye mizizi mizuri, chunguza vifundo baada ya wiki mbili tatu, kwa kuwa hapo ndipo machipukizi mapya huanza, na mwisho wa machipukizi hayo ndipo vitumba hukaa.

Na kama unasoma wakati wa mvua, huu ndio wakati wa kuomba vijiti kwa jirani na kuchimba lile shimo la makumbi. Mche utakaoupanda sasa utakuwa na miezi kadhaa ya kushusha mizizi kabla kaskazi haijarudi.